Mkimbiaji wa Ridhaa: Kwa Nini Hamu ya Mazoezi Hufifia, na Namna ya Kuidumisha

Barabara kuu itokayo Chalinze kuelekea Segera hupita Kabuku, wilayani Handeni, katika nchi ya mashamba ya mkonge. Kando ya barabara hiyo ziko njia za shamba, za udongo na zilizonyooka, ambazo humfaa mtu apendaye kukimbia kuliko lami yenye mabasi na malori. Lakini njia nzuri peke yake haimfanyi mtu kuwa mkimbiaji. Walimu wa michezo wanaowaandaa wanafunzi kwa mashindano ya UMISSETA wanaijua vema hali hii: wiki ya kwanza wanafunzi hujitokeza kwa wingi, wiki ya tatu safu imepungua, na mwezi wa pili wamebaki wachache ambao kila mtu huwaita wenye kipaji. Waliosalia majumbani hujiambia kwamba hawakuumbiwa mbio, na wengi wao hubaki na imani hiyo maisha yao yote.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo mara nyingi si sahihi. Watu wengi waachao mazoezi huacha katika kipindi kile kile ambacho mwili umekwisha kuanza kubadilika, ila mabadiliko yenyewe bado hayajadhihirika. Maumivu huja mapema, na faida huja baadaye. Mtu asiyejua mpangilio huo huyachukua maumivu kuwa ndiyo matokeo, akakata tamaa. Aujuaye hungoja, na kwa kungoja hupata.

Maana ya neno ridhaa

Mtu anayeshiriki michezo bila ya kulipwa huitwa kwa lugha yetu mwanamichezo wa ridhaa. Neno hilo limechaguliwa vizuri. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, pasipo kushurutishwa. Mkimbiaji wa namna hii hana mshahara wala mkataba. Hakuna atakayemfukuza kazi asipoamka alfajiri. Hivyo basi nguvu inayomtoa kitandani haina budi kutoka ndani yake mwenyewe, na yafaa kuuliza nguvu hiyo hujengwa na nini na hubomolewa na nini.

Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, alitoa matokeo ya majaribio ambayo yamekuwa maarufu. Wanafunzi wa chuo waligawanywa katika makundi mawili, wakapewa mchezo wa kupanga vipande ili kuunda maumbo mbalimbali. Kundi moja lililipwa fedha kwa kila umbo lililokamilika, na kundi jingine halikulipwa. Baadaye malipo yalikomeshwa, na watafiti wakaangalia wanafunzi walitumiaje muda wao wa mapumziko. Ilionekana kwamba wale waliokuwa wakilipwa walipungukiwa na hamu ya kuendelea na mchezo huo, kuliko wale ambao hawakupata kulipwa kamwe. Malipo yalikuwa yamegeuza mchezo kuwa kibarua.

Kutokana na uchunguzi wa namna hii, Deci na mwenziwe Richard Ryan walieleza kwamba hamu ya kudumu hutegemea mambo matatu: mtu ajione anatenda kwa hiari yake, ajione anazidi kuwa na uwezo, na ajione ameungana na wenzake. Likikosekana moja, hamu hupungua.

Fundisho kwa shule zetu li wazi. Mwanafunzi anayeamriwa kuzunguka uwanja mara kumi kwa sababu amechelewa hufundishwa, pasipo mtu kukusudia, kwamba kukimbia ni adhabu. Si ajabu mwanafunzi huyo akikwepa mbio siku zitakapokuwa za hiari. Vilevile zawadi, ingawa si mbaya, isifanywe kuwa sababu pekee ya kukimbia, maana siku zawadi itakapokosekana, sababu nayo itakuwa imekwisha.

Ratiba ya mwili

Jambo la pili katika yale matatu, yaani kujiona unazidi kuwa na uwezo, ndilo linalowasumbua wanaoanza. Ili kulielewa, hatuna budi kutazama yanayotukia ndani ya mwili wiki baada ya wiki.

Siku za mwanzo huleta uchungu wa misuli. Uchungu huo kwa kawaida huanza saa kadhaa baada ya zoezi, na huwa mkali zaidi kati ya saa 24 na 72. Zamani watu wengi walidhani unatokana na asidi inayobaki katika misuli. Leo inafahamika kwamba sivyo, kwa kuwa asidi hiyo huondolewa katika muda mfupi baada ya mtu kupumzika. Uchungu hutokana na machubuko madogo madogo katika nyuzi za misuli ambayo haijazoea kazi. Nyuzi hizo hutengenezwa upya, na safari nyingine kazi ile ile huleta uchungu mdogo zaidi.

Wakati mkimbiaji angali akilalamikia miguu, damu yake imekwisha kuanza kubadilika. Katika wiki moja au mbili za kwanza sehemu ya majimaji ya damu, iitwayo plazima, huongezeka. Moyo hupata damu nyingi zaidi ya kusukuma kwa kila pigo. Badiliko hili halionekani kwa macho, wala halimpi mkimbiaji kasi mara moja, lakini ni mwanzo wa mengine yote.

Baada ya hapo huja mabadiliko ya misuli yenyewe. Ndani ya kila seli ya msuli mna viungo vidogo sana viitwavyo mitokondria, ambavyo hutumia oksijeni kuunguza sukari na mafuta ili kupata nishati. Kwa mazoezi ya wiki kadhaa mitokondria huongezeka. Pia mishipa ya damu iliyo midogo kuliko yote, yaani kapilari, huongezeka kuizunguka misuli, na oksijeni ikafika kwa urahisi. Hapo ndipo mtu hugundua, pengine kwa mshangao, kwamba mwinuko uliomlazimu kutembea mwezi uliopita sasa anaupanda akikimbia.

Mwisho wa yote ni mifupa na kano, yaani zile kamba ngumu zinazounga misuli na mifupa. Hizi hukomaa polepole mno, kwa miezi na si kwa wiki. Kwa hiyo kuna hatari katika mwezi wa pili na wa tatu. Moyo na mapafu hujisikia tayari kwa mbio ndefu hali mifupa na kano bado haijawa tayari. Wengi huumia muundi au kisigino wakati huo, si kwa udhaifu, bali kwa haraka.

Mkulima wa mkonge hatashangazwa na habari hizi. Baada ya kupandwa, mkonge huchukua miaka miwili hadi mitatu kabla ya kukatwa majani kwa mara ya kwanza. Muda wote huo shamba hupaliliwa pasipo kuvunwa kitu, na hakuna anayesema kwamba mmea umekataa kukua.

Kosa la kwanza ni kasi

Sababu kubwa inayowafanya wanaoanza kuchukia mbio ni kukimbia kasi kupita kiasi. Mwili unapokwenda taratibu, nishati karibu yote hupatikana kwa njia ya oksijeni, na mtu aweza kuendelea kwa muda mrefu. Kasi inapozidi, misuli hulazimika kutumia zaidi njia nyingine isiyongoja oksijeni, ambayo huchosha upesi. Pumzi hukatika, na mtu husimama akishika kiuno. Anayemaliza kila zoezi katika hali hiyo hujifunza kuliogopa zoezi lijalo.

Kipimo cha kasi inayofaa hakihitaji chombo. Ni maongezi. Mtu akiweza kusema sentensi nzima anapokimbia, kasi yake yafaa. Akiweza kutoa neno moja moja tu, amepita mpaka. Watanzania wana kipimo hiki tangu zamani katika mchakamchaka, mbio za asubuhi za wanafunzi na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kiongozi huimba, wenziwe huitikia, na hatua hufuata wimbo. Mchakamchaka una faida mbili ambazo sayansi inazithibitisha. Kwanza, kundi linaloimba haliwezi kukimbia kupita uwezo wa mapafu yake, kwani wimbo utakatika. Pili, hakuna anayekimbia peke yake; na kuungana na wenzake, kama tulivyoona, ni moja ya nguzo tatu za hamu.

Anayeanza kabisa aweza kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, kwa muda wa dakika 20, siku tatu kwa wiki, akipumzika siku moja au zaidi kati ya zoezi na zoezi. Kila wiki ataongeza kidogo muda wa kukimbia na kupunguza wa kutembea. Baada ya miezi miwili au mitatu wengi huweza kukimbia nusu saa bila ya kusimama. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Daftari la mapigo ya moyo

Kwa kuwa mabadiliko ya mwanzo hayaonekani, inafaa mkimbiaji atafute njia ya kuyaona. Chombo rahisi ni daftari, kalamu na saa yenye mshale wa sekunde. Asubuhi, kabla hajaondoka kitandani, ataweka vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na kuhesabu mapigo kwa dakika moja nzima. Hesabu hiyo itaandikwa kila siku pamoja na muda aliokimbia na namna alivyojisikia.

Mapigo ya mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, na kwa wakimbiaji waliozoea huweza kuwa chini ya 60. Hebu tuchukue mfano wa kijana ambaye moyo wake hupiga mara 70 kwa dakika, na kila pigo husukuma mililita 70 za damu. Kwa dakika moja moyo huo husukuma mililita 4,900. Mazoezi yakimwezesha kusukuma mililita 82 kwa pigo moja, mapigo 60 yatatosha, maana 60 mara 82 ni 4,920. Moyo umepunguziwa mapigo 10 kila dakika, yaani mapigo 14,400 kwa siku kama angekaa ametulia muda wote. Kupungua huku huchukua wiki nyingi na hutofautiana kati ya mtu na mtu, lakini kwenye karatasi ya grafu hudhihirika. Mwalimu wa Baiolojia aweza kulifanya zoezi hili kuwa somo la vitendo kwa darasa zima, nalo halihitaji maabara.

Daftari lina kazi nyingine. Mapigo ya asubuhi yakipanda ghafla kuliko kawaida, huenda mwili haujapumzika vya kutosha, au homa inakuja. Siku hiyo ni afadhali kupumzika.

Saa, mahali na mwenzi

Mtu anayengoja kujisikia vizuri ndipo akimbie atakimbia mara chache sana. Yafaa zaidi zoezi lifungwe na jambo ambalo hutukia kila siku bila ya kukosa. Mwaka 2010 mtafiti Phillippa Lally na wenziwe wa London walichapisha uchunguzi juu ya watu 96 waliojaribu kujenga mazoea mapya, kila mmoja akilifunga tendo lake na wakati au tukio fulani la siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 kabla ya tendo kufanyika karibu bila ya kufikiri. Lakini tofauti zilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi siku 254, na matendo mepesi yalizoeleka upesi kuliko mazoezi ya mwili. Jambo la kutia moyo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka.

Siku moja ikipotea, basi, isihesabiwe kuwa ni kushindwa. Palipo na hatari ni mfululizo wa siku zilizopotea. Plazima huanza kupungua katika siku chache za mapumziko, na uwezo wa kutumia oksijeni hushuka katika wiki mbili hadi nne. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kutokosa zoezi mara mbili mfululizo.

Kwa Kabuku na sehemu nyingine za tambarare ya Tanga, saa zinazofaa ni alfajiri kunapopambazuka, au jioni jua linapopoa. Joto la mchana huulazimisha moyo kupeleka damu kwenye ngozi ili kuupoza mwili, na misuli ikapata pungufu. Mwili huweza kulizoea joto katika siku 10 hadi 14, lakini si kwa kulivamia siku moja. Wakati wa masika njia za shamba hujaa matope. Siku hizo kuruka kamba au kupanda na kushuka ngazi za jengo la shule kutazuia mazoea yasikatike.

Hali ya nyumbani nayo lazima ifikiriwe. Mwanafunzi atembeaye kilomita kadhaa kwenda shule, au msichana anayeteka maji kila jioni, amekwisha kufanya kazi kubwa ya mwili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha kimwili, na mwendo wa kwenda shule umo katika hesabu hiyo. Mwalimu anayewapangia wote mazoezi ya saa 11 jioni bila ya kuuliza atawapoteza wasichana kwanza, naye atadhani hawapendi michezo. Pengine zoezi fupi la asubuhi, shuleni na kwa kundi, lingewabakiza.

Si kila anayechoka ni mvivu

Lipo jambo moja ambalo hamu haiwezi kulishinda. Oksijeni hubebwa na chembe nyekundu za damu. Chembe hizo zikipungua, hata kijana mwenye moyo wa simba atachoka upesi. Malaria, minyoo ya safura, na chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha ni sababu zinazojulikana za upungufu wa damu katika nchi yetu, na wasichana walioanza kupata hedhi wana hatari zaidi. Wapo pia wenye ugonjwa wa selimundu, ambao juhudi kubwa kupita kiasi huweza kuwaletea madhara makubwa, na wenye pumu, ambao huweza kukimbia iwapo wanatibiwa vizuri.

Kwa sababu hiyo mwanafunzi anayehema kuliko wenzake, anayeona kizunguzungu au anayeshika kifua asiitwe mvivu mbele ya wenziwe. Apelekwe zahanati apimwe. Mwenye homa asikimbie kabisa. Kijana mmoja aliyegundulika na kutibiwa kwa sababu mwalimu wake alitazama vizuri ni matunda makubwa ya mazoezi kuliko kikombe.

Ushindi ni nini

Katika mbio za watu 100, mshindi ni mmoja. Kama ushindi wa kwanza ndio sababu pekee ya kufanya mazoezi, basi watu 99 watarudi nyumbani bila ya sababu ya kuendelea. Mkimbiaji wa ridhaa hana budi kuwa na lengo ambalo mtu mwingine hawezi kumnyang'anya: kumaliza kilomita 5 bila ya kutembea, kupunguza dakika moja katika njia ile ile ya mwaka jana, au kutimiza wiki 12 bila ya kukatisha.

Watanzania wanalikumbuka jina la John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba, 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico, alianguka njiani akaumia goti na bega. Aliendelea akichechemea, bandeji mguuni, akaingia uwanjani giza limekwisha kuingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57 na wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa na maana kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio tu, bali kuzimaliza. Habari hii husimuliwa mara nyingi. Lisilosimuliwa mara nyingi ni kwamba hakuishia hapo. Alirudi mazoezini, na mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni.

Karibu zaidi na siku zetu ni Alphonce Simbu. Mwaka 2016 alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro, na mwaka 2017 alipata medali ya shaba katika mashindano ya dunia mjini London. Ilipita miaka minane kabla hajapata medali nyingine ya dunia. Tarehe 15 Septemba, 2025, mjini Tokyo, alimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa riadha kutoka Tanzania. Wanariadha hao si wa kiwango cha mkimbiaji wa njia za mkonge, lakini sheria za mwili zinazowaongoza ni zile zile: damu, misuli na mifupa hujengwa kwa kurudia, na matokeo ya siku moja si kipimo cha mtu.

Hitimisho

Hamu ya mazoezi si mali ya kuzaliwa nayo ambayo wengine wamenyimwa. Kwa sehemu kubwa huzaliwa na mazoezi yenyewe, iwapo yameanzishwa kwa kasi ndogo, kwa hiari, pamoja na wengine, na kwa kuweka kumbukumbu zinazoonyesha maendeleo. Mwalimu anayetaka kuwabakiza wanafunzi wake mazoezini na awaeleze mapema kwamba wiki ya tatu itakuwa ngumu, na kwa nini. Mwanafunzi aliyeambiwa hivyo, siku atakapoamka miguu ikiuma na jirani yake amekwisha kuacha, hatasema kwamba hakuumbiwa mbio. Atafungua daftari lake, ataandika mapigo ya moyo ya asubuhi hiyo, kisha atatoka.